Samaki Mwenye Milia na Swali la Mama wa Manyovu



Mwezi Julai, wakati wa likizo ya kichungaji, tulikuwa Manyovu. Asubuhi moja tulifuatana na katekista kutembelea familia za jumuiya ndogo ndogo, tukafika kwenye nyumba moja iliyo chini ya mteremko wa kahawa. Uani maharage yalikuwa yameanikwa juu ya turubai. Mama wa nyumba alitukaribisha, akatutolea viti, kisha akaingia ndani na kutoka amembeba mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, kichwa kimefunikwa kwa kitenge. Mtoto alikuwa na ualbino. Mwanga wa jua ulimfanya afumbe macho na kuficha uso begani kwa mama yake.

Tulisali pamoja, tukaongea habari za shamba na bei ya kahawa. Tulipotaka kuaga, mama akasema: "Wanangu mafrateri, ninyi mmesoma. Niambieni, nilikosea wapi?"

Ndipo akatusimulia. Mume wake aliondoka mtoto akiwa na miezi miwili. Upande wa mume ulisema mtoto si wa ukoo wao. Wengine walisema mama alitembea na mzungu, wengine walisema amelaaniwa. Mama mkwe alikuwa akiishi naye kiwanja kimoja, lakini mjukuu hamgusi.

Tulimjibu, "Mama, ni mapenzi ya Mungu." Hakubisha. Aliitikia tu, "Haya, wanangu," akatusindikiza hadi njiani. Njia nzima ya kurudi parokiani hakuna aliyesema neno. Tulijua kwamba hatukumjibu. Tulikuwa tumemwambia kwa maneno ya kidini kwamba hatujui. Na kuna baya zaidi: mwanamke ambaye ameambiwa kila siku kwamba amelaaniwa, akisikia kutoka kwa mafrateri kwamba ni mapenzi ya Mungu, anaweza kuelewa kwamba Mungu ndiye aliyemwadhibu.

Tunaandika makala hii kwa sababu ya swali lile. Hoja yetu ni moja: mseminari asiyejua jinsi mtoto anavyorithi rangi ya ngozi yake amejiandaa nusu tu kwa kazi anayoitiwa, hasa katika milima yetu hii ya Buha. Na njia iliyotufikisha kwenye jibu ilipita kwa kiumbe ambacho hatukukitarajia, samaki mdogo wa mito ya India.

Tuliporudi seminarini tulimweleza mwalimu wetu wa falsafa ya maumbile yaliyotupata. Hakutupa jibu. Alitupa kazi: tusome maisha ya mwanasayansi mmoja, George Streisinger, halafu turudi kwake. Tulidhani anatukwepa. Sasa tunamshukuru.

Streisinger alizaliwa Budapest, Hungary, mwaka 1927, katika familia ya Kiyahudi. Alipokuwa bado mtoto familia yake iliikimbia Ulaya ya Wanazi, ikahamia New York. Sisi tuliokulia Kasulu na Kibondo tunalijua neno mkimbizi. Tumewaona watoto wa Nyarugusu na Nduta wakichota maji, na pengine tumewahi kuwatazama kama mzigo. Ni vizuri tukumbuke kwamba elimu hii tunayoisimulia ilianzishwa na mtu aliyekuwa mtoto wa namna hiyo.

Streisinger alianza kazi yake ya utafiti kwa virusi vinavyoshambulia bakteria. Alikuwa tayari ana jina katika fani hiyo alipokuwa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Angeweza kuendelea hivyo hadi kustaafu. Lakini alikuwa na swali lingine: mnyama mwenye uti wa mgongo hujengwaje kutokana na seli moja? Jeni zipi hujenga moyo, zipi hujenga jicho, zipi hupanga mishipa ya fahamu? Virusi havina moyo wala jicho. Alihitaji mnyama mdogo, anayezaa sana, ambaye kukua kwake kunaweza kuonekana kwa macho.

Alimchagua samaki anayefugwa majumbani kwa ajili ya mapambo, mwenye urefu wa sentimita 4 hivi na milia ya buluu iliyokoza kutoka kichwani hadi mkiani. Kwa sababu ya milia hiyo wanasayansi humwita samaki pundamilia. Jina lake rasmi ni Danio rerio. Daktari Mskoti, Francis Hamilton, ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1822, katika kitabu chake juu ya samaki wa mto Ganges. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja. Mayai hayo hukua nje ya mwili wa mama, na kiinitete chake ni angavu kama kioo. Ukikiweka chini ya hadubini unaona seli moja ikiwa mbili, mbili zikiwa nne. Baada ya siku moja tu moyo umeanza kupiga. Baada ya siku mbili au tatu samaki mchanga anatoka kwenye yai. Baada ya miezi mitatu hivi naye yuko tayari kuzaa.

Sisi wanafunzi wa falsafa tulipofika hapa tulishtuka, maana tulikuwa tumeyaona mambo haya kwa mtu mwingine. Aristoteli, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifungua mayai ya kuku siku moja baada ya nyingine ili aone kifaranga kinavyoumbika, akaandika kwamba baada ya siku tatu moyo unaonekana kama tone la damu linalopigapiga. Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, naye alichunguza mayai kwa macho yake mwenyewe, na mwaka 1941 Papa Pio XII alimfanya msimamizi wa wanaosoma sayansi za maumbile. Hivyo, tunapomsoma Aristoteli darasani kama mtu wa maneno matupu, tunamsoma vibaya. Mtu yule alipasua mayai.

Streisinger alifanya kazi na samaki wake kwa miaka mingi akiwa na machapisho machache. Alikuwa akijenga msingi: namna ya kuwafuga, namna ya kuwazalisha, namna ya kupata samaki wanaofanana kabisa kwa urithi. Mwaka 1981 jarida la Nature lilichapisha matokeo yake. Alikuwa amefaulu kupata samaki ambao urithi wao wote umetoka kwa mama peke yake, hivyo jeni yoyote iliyojificha ingejitokeza wazi. Katika kazi hiyo alitumia samaki wa aina fulani waliopauka, ambao milia yao haikuwa ya buluu iliyokoza bali ya rangi hafifu ya dhahabu. Aliwatumia kama alama tu, ili ajue samaki yupi amerithi nini. Miaka 3 baadaye, mwaka 1984, alifariki ghafla. Hakuona alichokuwa amekipanda.

Waliobaki ndio waliovuna. Wenzake wa Oregon, akina Charles Kimmel na Monte Westerfield, waliendeleza kazi hiyo na kuwafundisha wengine. Huko Tübingen, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya jeni za nzi wa matunda, alijenga nyumba ya maelfu ya matangi ya samaki hawa. Mwaka 1996 toleo zima la jarida la Development, makala 37, lilitolewa kwa ajili ya samaki waliopatikana katika uchunguzi wa Tübingen na ule wa Boston: wenye moyo usiopiga sawasawa, wasiosikia, wasio na rangi. Kila kasoro ilikuwa njia ya kuitambua jeni inayofanya kazi fulani. Mwaka 2013 orodha nzima ya jeni za samaki huyo ilichapishwa, ikaonekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake ndani ya samaki pundamilia.

Sasa turudi kwa wale samaki wa dhahabu. Mtafiti Keith Cheng na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, walitaka kujua ni jeni ipi iliyowapausha. Mwaka 2005 walitoa jibu katika jarida la Science. Ni jeni inayoitwa SLC24A5. Inapoharibika, vifuko vidogo vinavyobeba rangi nyeusi ya mwili, yaani melanini, huwa vichache, vidogo na hafifu. Walipochukua jeni hiyohiyo ya binadamu na kuiingiza katika kiinitete cha samaki wa dhahabu, rangi nyeusi ilirudi. Kisha wakaitazama jeni hiyo kwa watu. Karibu Waafrika wote wana nakala yake ya zamani. Karibu watu wote wenye asili ya Ulaya wana nakala iliyobadilika mahali pamoja tu, na badiliko hilo dogo peke yake linaeleza sehemu kubwa, kati ya robo na theluthi au zaidi kidogo, ya tofauti ya weusi wa ngozi kati ya watu wa Ulaya na watu wa Afrika Magharibi.

Someni tena, wapendwa. Jambo ambalo kwa ajili yake watu walisafirishwa kwa minyororo, wakanyimwa shule, wakatengewa milango ya kuingilia, kwa sehemu kubwa ni suala la vifuko vya rangi, na samaki wa mapambo anaweza kulionyesha.

Tuseme wazi hapa ili tusipotoshe: jeni ya samaki wa dhahabu siyo ile inayosababisha ualbino mwingi wa kwetu. Ualbino ulio mwingi Tanzania unatokana na jeni nyingine, inayoitwa OCA2. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 juu ya Watanzania wenye ualbino ulionyesha kwamba katika wengi wao kipande kilekile cha jeni hiyo kimekosekana. Lakini jeni hizo mbili hufanya kazi katika kiwanda kimoja, kiwanda cha melanini ndani ya seli. Samaki yule aliwafundisha watu jinsi kiwanda kinavyofanya kazi na jinsi kinavyoweza kusimama. Kikisimama, hakuna aliyelaani. Kuna kipande kilichokosekana, basi.

Na namna kipande hicho kinavyorithiwa haikugunduliwa na Streisinger. Iligunduliwa na mtawa. Gregor Mendel, Mwaugustino wa Brno, alipanda mbaazi ndogo za Kizungu, zile tunazoziita njegere, katika bustani ya monasteri. Alihesabu mimea kwa maelfu, akasoma matokeo yake mbele ya wenzake mwaka 1865 na kuyachapisha mwaka 1866. Karibu hakuna aliyejali. Alikufa mwaka 1884 akiwa abate, na ulimwengu ulimgundua mwaka 1900. Alizaliwa mwaka 1822, mwaka uleule ambao Hamilton aliandika juu ya samaki wetu. Hatutafuti ishara katika namba hizo. Tunataka kusema tu kwamba elimu ya urithi haikuvamia nyumba ya Kanisa kutoka nje. Ilizaliwa bustanini kwetu, na sisi wenyewe tumeisahau.

Kusahau huko kuna gharama, na kwetu gharama hiyo imelipwa kwa damu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalishika kasi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Watoto wengi walikusanywa katika shule zenye uzio na ulinzi. Moja ya mahali hapo pa makimbilio ni Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwa wengi wetu. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo, mwaka 2024 huko Muleba, Mkoa wa Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake na kuuawa.

Tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya wasiobatizwa. Mtu anayekwenda usiku kwa mpiga ramli mara nyingi ana jina la mtakatifu, na Jumapili amekaa kwenye benchi. Na chini ya panga la muuaji kuna udongo ulioandaliwa na sisi tusioua: mzaha wa kusema watu hawa hawafi bali hupotea, neno la "zeruzeru" tunalolitamka bila kufikiri, mama anayeambiwa alitembea na mzungu, na frateri anayejibu haraka haraka ili aondoke.

Kuna ndugu zetu mafrateri wanaotuambia: "Sisi hatukuitwa kuwa wanabiolojia. Kazi yetu ni roho." Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakuna yeyote kati yao, alisema. Mhubiri anayetaka kumfuata Bwana katika hilo hawezi kuishia kusema "si laana". Waamini watamwuliza: kama si laana, ni nini? Asipokuwa na la kusema, mpiga ramli analo. Mpiga ramli kamwe hasemi "sijui".

Wengine wana hofu ya kina zaidi, na hofu hiyo tunaishiriki. Elimu hiihii ya jeni, wanasema, ndiyo inayotumika mahali pengine duniani kuvichambua viinitete vya binadamu na kuvitupa vyenye kasoro. Ni kweli. Kanisa limesema wazi katika Donum Vitae mwaka 1987, na tena katika Dignitas Personae mwaka 2008, kwamba binadamu anastahili heshima ya nafsi tangu kutungwa kwake. Kiinitete cha samaki na kiinitete cha mtu hufanana kwa macho katika saa za kwanza, lakini si kitu kimoja, na falsafa tunayosoma ndiyo inayotusaidia kueleza kwa nini. Katekisimu, namba 2417, inaruhusu majaribio kwa wanyama yakiwa ndani ya mipaka ya busara na yakisaidia kutunza maisha ya watu. Kwa hiyo tuna njia ya kupita: kushukuru kwa kilichojifunzwa kwa samaki, na kukataa mtu atendewe kama samaki. Lakini anayetaka kuilinda njia hiyo lazima aijue. Hatuwezi kulinda mlango ambao hatujui uko wapi.

Tena jeni haisemi yote. Inaeleza jinsi ngozi ilivyopata au kukosa rangi. Haielezi kwa nini yupo mtoto yule badala ya kutokuwepo mtu, wala kwa nini anapaswa kupendwa. Aristoteli alitufundisha kwamba kuuliza kitu kimetokana na nini si sawa na kuuliza kipo kwa ajili ya nini. Kosa la baadhi ya wanasayansi ni kudhani swali la kwanza limefuta la pili. Kosa letu sisi, siku ile Manyovu, lilikuwa kinyume chake. Tulilijibu la pili ili tusijulikane kwamba la kwanza hatulijui.

Wakati wa Noeli tulirudi. Tulikwenda na katekista yuleyule, na mama alitupokea kwa ukarimu uleule. Safari hii mama mkwe naye alikuwepo, amekaa kizingitini. Tuliomba maharage kidogo, meusi na meupe, na vikombe viwili. Tukaweka katika kila kikombe punje moja nyeusi na moja nyeupe. Tukasema: kikombe hiki ni baba, hiki ni mama. Kila mzazi ana punje mbili, na humpa mtoto moja tu, bila kuchagua na bila kuangalia. Punje nyeusi ikiwepo, hata moja tu, inatosha kuleta rangi, na ile nyeupe hujificha. Ndiyo maana baba ana rangi na mama ana rangi, na kila mmoja amebeba nyeupe bila kujua. Mtoto akipewa nyeupe na baba na nyeupe na mama, anazaliwa na ualbino. Kila mimba, nafasi ni 1 kati ya 4.

Tulimwachia mama achote mwenyewe, amefumba macho. Mara ya kwanza zilitoka nyeusi mbili. Mara ya pili nyeusi na nyeupe. Aliendelea hadi zilipotoka nyeupe mbili. Akazishika kiganjani muda mrefu. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo nyeupe moja ilitoka kwa baba yake?" Tukamwambia, ndiyo mama. Punje moja peke yake isingetosha. Ngozi ya mtoto huyu haisemi kwamba baba ni mtu mwingine. Inasema kwamba pande zote mbili zilitoa.

Mama mkwe alikuwa kimya wakati wote huo. Hatimaye akasema, "Kwa hiyo na mimi ninayo?" Tukamjibu kwamba huenda ni yeye, huenda ni marehemu mzee wake, mmoja wao alimpa mtoto wao, naye akampa mjukuu. Hakusema zaidi. Lakini mtoto aliposogea kucheza na maharage, bibi alimvuta kutoka kwenye jua, akamkalisha kivulini karibu na miguu yake.

Hatudai kwamba tulileta muujiza. Mume hajarudi. Ukoo bado una maneno. Lakini mwanamke mmoja alilala usiku ule akijua kwamba hakukosea mahali popote, na tunaamini kwamba hilo pia ni Injili.

Hesabu ndogo ya mwisho. Inakadiriwa kwamba nchini kwetu mtu 1 kati ya 1,400 hivi ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya au Marekani. Ukiifuata kanuni ya Mendel kutoka hapo, unapata kwamba karibu mtu 1 kati ya 20 amebeba ile punje nyeupe iliyojificha. Katika kanisa lenye waamini 400 Jumapili, ni watu 20 hivi. Katika seminari ya mafrateri 100, ni watano. Huenda miongoni mwao yumo anayeandika maneno haya. Hakuna "ukoo wa zeruzeru" hapa na "ukoo safi" pale. Kwa sababu hiyo tunakataa pia wazo ambalo tumeanza kulisikia, kwamba watu wenye punje hiyo wazuiwe kuoana. Elimu iliyoondoa laana isigeuzwe kuwa laana mpya.

Tunapendekeza nini? Kwanza, seminarini, saa chache za biolojia ya urithi na ya kiinitete ziingizwe katika masomo ya falsafa ya maumbile. Hatuhitaji maabara ya Oregon. Tuna mayai ya kuku, tuna maharage, na mikoani mwetu kuna wauguzi na walimu wa biolojia ambao wangekuja wakialikwa. Na jirani yetu Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakija kuwachunguza ili waelewe jinsi jeni zinavyojenga maumbo na rangi. Ni aibu kama kijana wa Kigoma atajua tu kwamba samaki huliwa.

Pili, katika mafundisho ya ndoa parokiani, mfano wa maharage uingizwe. Unachukua dakika 10. Wachumba wakiujua kabla, mtoto akija mama hatabaki peke yake na maswali, na baba hatakuwa na kisingizio cha kuondoka.

Tatu, tarehe 13 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya kimataifa ya uelewa juu ya ualbino, ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua. Desturi ya mkate wa Mtakatifu Antoni kwa maskini inajulikana. Katika parokia zetu mkate huo uwe kofia pana, mashati ya mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua, kama ile ya KiliSun inayotengenezwa KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Panga la muuaji ndilo linaloandikwa magazetini, lakini jua nalo linaua kwa saratani ya ngozi, polepole, bila kelele. Kofia inaweza kuongeza miaka ya mtu.

Nne, tukumbuke kwamba Kabanga ni makimbilio, si nyumbani. Mtoto hulindwa na ukuta pale ambapo watu wameshindwa kumlinda. Siku jumuiya zetu zitakapokuwa mahali salama, ukuta hautahitajika. Kazi hiyo si ya serikali peke yake.

Streisinger alikufa bila kujua kwamba samaki wake waliopauka wangekuja kueleza ngozi za watu. Mendel alikufa bila kujua kwamba njegere zake zingefika Manyovu kwa sura ya maharage. Sisi tumeshapewa walichokitafuta wenzetu kwa jasho. Mama akituuliza tena alikosea wapi, hatuna ruhusa ya kutojua.

Mtakatifu Alberto Mkuu, utuombee.